Mguu wa Mama na Jirani Yetu Bi Mwanasha

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu mguu haukuvimba bure. Homa ilikuwa ya Mungu, jino lilikuwa la Mungu, hata kifua kilichomuua babu yangu kilikuwa cha Mungu. Lakini mguu ukivimba ukawa kama gogo, ngozi ikakakamaa na kufanya mikunjo kwenye kifundo, watu walikaa faraghani wakaulizana jina. Nani kamfukia? Kwa lipi?

Nasema habari za kijiji kimoja kati ya Gazi na Msambweni, ndani kidogo kutoka barabara kuu, katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Bendera mpya ilikuwa ikipepea Kwale, juu mlimani, na ilikuwa habari ya Kwale. Kwetu tulikuwa na msikiti, chuo cha Kurani, shule ya madarasa manne, na watu wengi wenye matende. Wengi kiasi kwamba sisi watoto hatukushangaa. Tulijua mzee fulani hatembei mbali, na mama fulani huvaa leso ndefu zifike chini. Tulijua pia kwamba wanaume kadhaa wana mshipa, ndiyo maana hukaa wamepanua miguu, na kwamba hilo halisemwi. Niliyoyaona kwa macho sikuyatilia maanani. Nilitilia maanani niliyoambiwa.

Aliyekuwa akiniambia ni bibi yangu mzaa baba, Bi Mejumaa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, aliyekuwa akinifichia kipande cha samaki chini ya wali ili ndugu zangu wasikione. Kwa mapenzi hayohayo alinifundisha pa kuweka mguu. Usiruke kamba iliyolala njiani. Usikanyage jivu lililomwagwa njia panda. Ukiingia nyumba ya mtu, tazama kizingitini, na udongo ukiwa umechimbuliwa rudi ulikotoka. Kwa sababu hapo pana fingo, na fingo, alinieleza, ni uchawi uliofungwa na kufukiwa, unaomngoja mwenyewe apite.

"Ukiliruka hulijui, linakupanda," alikuwa akisema. "Linaanzia kwenye unyayo. Likishafika gotini halitoki tena."

"Nani analiweka, Bibi?"

"Anayekujua. Asiyekujua ataliweka kwa lipi?"

Jawabu lile lilinikaa. Nina wajukuu sasa, na ninazijua sababu za matende kama ninavyozijua sura za Kurani nilizofundishwa chuoni, lakini nikiingia nyumba ya watu bado macho yangu hushuka chini kabla ya kupiga hodi.

Aliyetujua kuliko wote alikuwa Bi Mwanasha. Nyumba yake ilikabiliana na yetu, na katikati palikuwa na shimo kubwa ambalo udongo wa kukandikia nyumba zote mbili ulitoka. Mvua zikinyesha lilijaa maji yakakaa miezi, yakiwa na vyura na viluwiluwi, na jioni mbu waliinuka pale kama moshi. Bi Mwanasha alikuwa mjane. Alizaa watoto watatu na wote watatu aliwazika kabla hawajaota meno yote. Aliishi kwa sindano, akiwashonea watu kanzu za watoto na foronya kwa mkono. Yeye na mama yangu walitwanga katika kinu kimoja, wakaazimana chumvi, moto na sufuria, na walipocheka pamoja Baba alikuwa akitoka nje kwa kelele zao.

Mama aliitwa Mwanatumu. Tangu nikiwa mdogo sana alikuwa akishikwa na homa za ghafla, na kila homa ilikuja na mtoki, uvimbe wa kwenye kinena uliomfanya ashindwe kunyoosha paja. Ingekaa siku tatu, nne, ikaondoka. Mwaka ule niliotimiza miaka minane homa ilikuja ikaondoka, lakini mguu wa kushoto ukabaki umevimba. Tukangoja upungue. Homa ya pili ilipokuja mguu ukaongezeka. Kufikia mwezi wa Ramadhani kifundo kilikuwa hakionekani, na Mama alianza kuvaa leso ndefu.

Siku zile za homa Bi Mwanasha ndiye aliyetupikia. Alikuja alfajiri, akamkanda Mama, akatuogesha, akanisuka nywele nikiwa nimekaa katikati ya magoti yake. Nililia sana siku hizo, sijui kwa hofu au kwa wivu wa kunyimwa mama, na ili ninyamaze alinishonea mwanasesere. Alikata ncha ya leso yake ya maruni yenye maua ya manjano, leso aliyoivaa Idi zote na kila mtu aliijua. Akaijaza sufi, akatia macho kwa uzi mweusi, na kichwani akashonea nywele zangu mwenyewe zilizobaki kwenye kitana. Nilimwomba na sindano, akanipa moja iliyovunjika ncha, nikawa naichomeka mgongoni mwake isipotee. Nililala na mwanasesere yule mkekani pa Mama, kati yangu na ule mguu wake.

Bibi alipomwona alishtuka.

"Kitu chenye macho hakilali nyumba moja na mgonjwa," aliniambia. "Kakitupe. Tena mbali."

Sikuweza kumtupa. Lakini kumwasi Bibi nako sikuthubutu. Basi nilifanya kama nilivyoona watu wakifanya jirani mmoja alipokufa. Nilimfunga kwa kitambaa cheupe, nikamchomeka ile sindano kifuani ili awe na kitu chake, nikamzika kando ya mlango wetu chini ya upenu, mahali ambapo udongo ulikuwa laini. Nikasoma Fatiha. Halafu nikasahau, kama watoto wanavyosahau.

Baada ya Idi, Mama na Bi Mwanasha waligombana. Lilikuwa jambo dogo kabisa: kuku wa Bi Mwanasha waliparua mchicha wa Mama mpaka mizizi. Mama, aliyekuwa na maumivu na mwenye kuchoka, alisema maneno makali. Bi Mwanasha akajibu, "Huo mguu ndio unaokutia hasira, Mwanatumu, si kuku wangu." Yalikwisha siku ya pili yake, wakaazimana sufuria kama kawaida. Ila watu walikuwa wamesikia. Kisimani maneno yale yalipita kutoka ndoo hadi ndoo, na kila yalipopita yaliongezwa kidogo. Akautaja mguu! Na watoto wake watatu walikwenda wapi? Mwanamke aliyekula wake atashindwa na wa mwenzake?

Baba hakuwa mtu wa maneno. Alikata boriti kwenye mikoko ya Gazi, akarudi na matope hadi mapajani, akala, akalala. Lakini alimwona mke wake akitambaa kwenda chooni, na ndugu zake walimwambia kila siku kwamba mwanamume hakai akitazama. Mwishowe akaleta mganga kutoka upande wa Shimba.

Alikuja asubuhi, jua limepanda vizuri, na watu wote walikuwepo. Alikuwa mzee wa heshima, mwenye kanzu safi, hakupiga kelele wala hakurukaruka. Alimtazama Mama mguu, akampa pole, kisha akazunguka nyumba polepole akiwa ameshika kibuyu. Akasimama kando ya mlango, chini ya upenu. Leo najua alichokiona: udongo uliochimbuliwa karibuni haufanani na udongo uliokanyagwa miaka. Wakati ule nilijua tu kwamba amesimama juu ya kaburi langu.

"Chimbeni hapa," akasema.

Jembe halikwenda mbali. Akakiinua kile kitambaa kwa kijiti, akakifungua mbele ya watu. Yakaonekana maua ya manjano, zikaonekana nywele, ikaonekana sindano kifuani. Wanawake walipiga ukelele. Mama mmoja akaziba macho ya mwanawe.

"Mkono uliokifukia hiki," akasema mganga taratibu, "ndio unaoula mguu huu. Leso hii mnaijua?"

"Ya Mwanasha," sauti ikatoka nyuma.

Walikwenda kumwita. Alikuja mikono ikiwa na magamba ya samaki, akijipangusa kwenye nguo, akauliza kuna nini. Walipomwonyesha alicheka. Nakisikia hata sasa kicheko kile, kifupi, cha mtu aliyeona jambo dogo limekuzwa.

"Hicho? Hicho ni mwanasesere wa Saumu. Nilimshonea mimi mwenyewe, zile siku mamake ana homa. Muulizeni."

Watu wote wakanigeukia. Sijapata tena kutazamwa na watu wengi kiasi kile. Bibi alikuwa amesimama mbele, na uso wake sikuweza kuutazama, kwa kuwa ndiye aliyeniambia nikakitupe mbali. Na mganga alikuwa amekwisha kusema juu ya mkono uliofukia. Nilitazama mikono yangu.

"Saumu," Baba akaniita. "Njoo hapa. Kitu hiki ni chako?"

"Si changu."

"Hukukiona hata siku moja?"

"Sijakiona."

"Saumu, mwanangu," akasema Bi Mwanasha. Akangoja kidogo, kama mtu anayemngoja mtoto akumbuke sala. Kisha akamgeukia Mama, aliyekuwa amekaa kizingitini na mguu umenyooshwa mbele yake. "Mwanatumu, wewe wakijua. Kilikuwa kikilala mkekani pako."

Mama alikitazama kile kitu kwa muda. Akanitazama mimi.

"Mimi nilikuwa na homa," akasema. "Sikumbuki kitu."

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mtu alimvuta Bi Mwanasha ushungi ukaanguka, na nywele zake, ambazo sikuwa nimeziona nje ya nyumba, zilikuwa nyeupe upande mmoja. Mwingine akamsukuma akaanguka karibu na shimo. Alipigwa, sitasema kiasi gani. Aliyekuwa msemaji wa mtaa akaingilia kati, akasema asiuawe mtu, aondoke tu, kesho jua lisimkute. Vijana hawakungoja kesho. Walipanda juu ya nyumba yake wakang'oa makuti, wakayarundika uani, wakayatia moto, na kuku wake wakakimbilia kwetu.

Alilala ndani ya kuta zisizo na paa. Asubuhi kaka yake akaja na baiskeli ya kuazima kutoka huko bara, upande wa Kinango. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kinu. Nilimwona Bi Mwanasha akivuka uwanja akichechemea, jicho moja limefumba, akiwa na kitu mkononi. Akakiweka mlangoni petu. Akaniona.

"Mwambie mamako sufuria yake hii," akasema. "Nimeiosha."

Akaenda zake nyuma ya baiskeli, akiwa ameshika kiti.

Mguu wa Mama haukupungua. Mganga alisema uchawi wa zamani hukawia kutoka, akatoa dawa za kufukiza na za kuchanja, na chale zile zikafanya vidonda vilivyonuka. Mwaka uliofuata mguu ulifika gotini, kama Bibi alivyosema. Mama hakuenda tena kisimani wala harusini. Alikaa kizingitini akisuka makuti, na mbele yake palikuwa na kuta za Bi Mwanasha, zikilainika kila mvua mpaka zikawa kichuguu. Jina lile halikutajwa nyumbani kwetu. Nami nililala usiku mikono nimeikalia, kwa sababu niliamini kabisa, kama ninavyoamini jua, kwamba mikono yangu ndiyo iliyomfanya Mama vile.

Hilo ndilo watu wazima hawalijui juu ya mtoto anayesema uongo. Walidhani nimesema kweli na nimetulia. Nilikuwa nimekwisha kujihukumu. Mganga alisema mkono uliofukia, na mimi peke yangu nilijua mkono ule ni wa nani.

Nilikuwa na miaka kumi watu wa afya walipokuja. Ilikuwa taabu kwanza, kwa sababu walisema watachukua damu, na wataichukua usiku. Habari za mumiani zilikuwa zikizunguka pwani nzima, kwamba kuna watu wanaokamata wenzao wakawatoa damu wakauza, na hawa wakaja na gari la serikali wakitangaza wenyewe! Wengine waliwapeleka watoto mikokoni. Bwana afya aliyewaongoza alikuwa kijana wa hukuhuku Kwale, mwenye kusema nasi kwa adabu, akakaa barazani mwa msikiti siku mbili akijibu maswali yaleyale bila kukasirika. Alisema minyoo ya matende ni midogo kuliko uzi, na wana wake mchana hujificha ndani kabisa ya mwili. Usiku hutoka hadi kwenye ngozi, saa ambazo mbu huuma. Ndiyo maana damu ya mchana haionyeshi kitu. Imamu wetu akasema atatoa yeye kwanza. Wakamchoma kidole mbele ya taa ya karabai, hakufa, na watu wakaanza kusogea.

Mama alibebwa na Baba mpaka pale. Nami nilichomwa. Asubuhi yake walikuwa bado wapo, wameweka darubini juu ya meza ya shule, na yule kijana akawaita waliotaka kuona. Wengi waliogopa. Mimi nilikwenda. Niliona mduara wa mwanga, na ndani yake mistari myembamba kama nywele imejikunja, mingi.

"Damu ya nani hii?" nikauliza.

Akatazama karatasi yake. "Saumu binti Bakari. Ndiwe?"

Akanieleza nisiogope, kwamba minyoo ninayo lakini bado haijaniumiza, na vidonge vitaiua. Alitugawia sote vidonge, vikatutia homa na kichefuchefu siku mbili, na Bibi akasema ndiyo hivyo, sumu hiyo. Baadaye akaja nyumbani kumwona Mama, na niliyasikia yote nikiwa ndani.

"Mbu ndio walioleta?" Mama akamuuliza.

"Mbu, mama. Anamuuma mwenye minyoo, anakuja kukuuma wewe. Lile shimo pale lifukieni."

"Lini? Waliniuma lini?"

"Miaka mingi. Haiji kwa mbu mmoja wala kwa mwaka mmoja. Huenda tangu usichana wako."

"Kabla sijamzaa huyu?"

"Huenda kabla."

Mama aliivuta leso akaufunika mguu. "Kwa hiyo hapana mtu," akasema.

"Hapana mtu, mama. Ni ugonjwa."

Nilitazamia furaha. Mimi mwenyewe kifua kilifunguka kama mlango, nikatoka nje nikakimbia mpaka kisimani bila sababu. Niliporudi Mama alikuwa amejifunika gubigubi, ukuta anautazama, akitetemeka. Nikadhani ni homa.

Kijijini wengi waliyapokea maneno ya bwana afya, wakayaweka karibu na yale ya zamani, yakakaa pamoja. "Mbu wanatuuma sote," Bibi alisema, "mbona mguu ni wa Mwanatumu? Mbu ana akili ya kuchagua?" Vidonge viliua minyoo katika damu yangu, na mguu wangu haujavimba hata leo. Mguu wa Mama ulikuwa umekwisha kuharibika. Shimo walilifukia nusu, wakachoka.

Miaka ikapita. Nilikuwa na kumi na sita, nimekwisha kuposwa, na kazi ya kuuosha mguu wa Mama ilikuwa yangu. Siku moja baada ya adhuhuri nilikuwa nikiukausha katikati ya vidole, taratibu kwa kuwa ngozi ilipasuka upesi, naye akasema bila kunitazama:

"Kile kitu siku ile. Nilikijua."

Mikono yangu ikasimama.

"Nilikijua tangu kilipotoka chini. Kilikuwa kikinichoma mbavuni usiku, kwa ile sindano yako."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ungekuwa wewe." Alisema akiutazama mguu wake. "Yule mzee alikwisha kusema mkono uliofukia. Walikuwa wanataka mkono, Saumu. Ulikuwepo wako na wa Mwanasha. Nikachagua."

Nilimaliza kidole cha mwisho, nikamfunika, nikaenda kumwaga maji. Hatukulia. Wiki ile nilimwomba Baba ruhusa niende Kinango kwa shangazi mmoja, nikapanda basi hadi Kwale, nikapata lori, na kipande kilichobaki nikakitembea nikiuliza njia.

Nilimkuta Bi Mwanasha nyuma ya nyumba ya kaka yake, mbali na wenzake, akipukuchua mahindi. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Saumu. Wa Mwanatumu."

Vidole vyake viliendelea na mahindi. "Mguu wa mamako u hali gani?"

"Haukupungua."

"Pole zake."

Nikamwambia yote, mbu, darubini, damu yangu mwenyewe. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua ya nchi nyingine.

"Maneno mazuri," akasema. "Hapa nimekaa miaka minane. Yalinitangulia yale yenu kabla baiskeli haijafika. Wifi yangu akijifungua mtoto anamficha nisimwone. Chakula changu napika peke yangu. Hayo ya mbu kamwambie yeye."

"Nimekuja kukuomba radhi."

Hapo akanitazama. "Wewe nilikusamehe palepale. Ulikuwa na miaka minane, uliogopa. Nani asingeogopa? Mamako hakuwa na miaka minane. Mwambie aje. Simtaki aje kulia. Aje aseme mbele ya hawa, kwa sauti, kwamba alikijua. Basi."

Nilirudi nikamfikishia Mama neno kwa neno. Akasema ataenda. Kisha akasema mguu utafikaje? Mwaka uleule tulimpakia kwenye lori tukampeleka harusini Ukunda, akakaa mbele na dereva, akacheka njia nzima. Kinango ilikuwa mbali zaidi, kweli. Akasema baada ya mavuno, akasema baada ya mfungo. Bi Mwanasha alifariki katika masika ya mwaka wa tatu. Kaka yake ndiye aliyeleta habari, alipokuwa akipita kwenda Msambweni. Alisema maiti ilibebwa na watu wanne, na njiani hawakupata wa kuwapokea.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, nami nilimuuguza mpaka mwisho kwa mapenzi. Lakini nilimlaumu moyoni, kwa siri, kila nilipouosha mguu ule. Siku hizi vidonge vya matende vinapogawiwa nyumba kwa nyumba, mimi ni mmoja wa wanaovigawa, na nikikuta nyumba ambako jina la mtu limeanza kunong'onwa, nakaa chini nawasimulia haya. Husikiliza, husikitika, husema watu wa zamani walikuwa wajinga.

Kuna kipande ambacho huwa nakiruka. Siku ile Kinango, wakati Bi Mwanasha akinieleza anachokitaka, wifi yake alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka pale, akichuja tui. Alikuwa akitusikia sauti, hakusikia maneno. Niliposimama kuondoka nilipita mbele yake. Nilikuwa na neno lote mdomoni, si la Mama, ni langu mwenyewe: mwanasesere alikuwa wangu, nilimfukia mimi, huyu mwanamke hajafanya kitu. Alinitazama kwa wema, akiniona mgeni wa heshima. Nikaona haya. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniambia nisalimie nyumbani, nikashika njia.

Bi Mwanasha hakuniita. Alikuwa ametaja jina la Mama tu, na mimi nikajificha nyuma ya jina hilo. Lakini siku ile sikuwa na miaka minane.